Mwanangu, kuhusu Hall na ile reale ya bibi yako

Mwanangu mpenzi,

Assalam alaykum. Meseji yako nimeiona tangu juzi, nikasema hili si la kujibu kwa kidole kimoja kwenye simu, ngoja nifunge duka nikae niandike. Umeuliza mawili. Eti mwenzako wa kazini kaiona reale ya marehemu bibi, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, akakwambia hii imepigwa Hall, huko Tirol, Austria, ni kweli? Na ya pili, ukiwa unakwenda zako Innsbruck hiyo wikiendi, Hall kuna cha maana cha kutazama au upite tu. Naanza na hili la pili kwa sababu jibu lake jepesi: shuka. La kwanza lina maneno mengi kidogo.

Hall ni mji mdogo, watu kama 14,000 tu, uko kilomita 10 hivi mashariki ya Innsbruck, kwa treni hata hujakaa vizuri ushafika. Mimi mwenyewe sijaukanyaga, unajua, lakini sonara yeyote anayependa kujua kazi yake ilikotoka lazima atakutana na huo mji siku moja, na mie nimeusoma miaka mpaka naona kama najua vichochoro vyake.

Kabla ya fedha kulikuwa na chumvi. Juu ya mji kuna bonde linaitwa Halltal, mlima wake una chumvi ndani, na tangu karne ya 13 watu wanaitoa. Usidhani walikuwa wanaipiga sururu wanabeba viroba, hapana, walitoboa vyumba ndani ya mlima wakavijaza maji, maji yanakaa humo yanayeyusha chumvi taratibu, halafu yale maji makali yanateremshwa kwa mabomba ya magogo yaliyotobolewa mpaka mjini, kule yanachemshwa kwenye masufuria makubwa ya chuma yanakauka inabaki chumvi. Moto wa kazi hiyo unakula kuni si mchezo, basi magogo yaliachiwa mtoni huko juu yaelee na mto Inn mpaka Hall, wakayanasa kwa uzio wa miti uliokatiza mto. Na Hall ndipo vyombo vya mtoni vilipokuwa vinaishia, mzigo ukitaka kwenda mbele unapakiwa kwenye mikokoteni. Kwa hiyo chumvi hapo, bandari hapo, soko hapo, hati ya mji wakapewa mwaka 1303, na kwa muda mrefu Innsbruck ilikuwa haioni ndani kwa biashara. Hata nembo ya mji ni simba wawili wameshika pipa la chumvi, utaiona. Mgodi ulifungwa 1967, juzijuzi tu, na mjini wametengeneza makumbusho yanayoonyesha njia za chini ya ardhi zilivyokuwa.

Fedha sasa. Kwenye bonde la huo mto Inn kuna mji mwingine, Schwaz, na Schwaz karne ya 15 ilitoka fedha nyingi ya ajabu. Mtawala wa Tirol wakati ule, Sigmund, akaona upuuzi huu, fedha inachimbwa huku halafu karakana ya sarafu iko Meran, ng'ambo ya milima (siku hizi Meran ni Italia), akaihamishia Hall mwaka 1477. Halafu 1486 wakafanya kitu ambacho ndiyo sababu mimi na wewe tunaandikiana leo. Dhahabu ilikuwa ngumu kupatikana, fedha wanayo mpaka hawajui waiweke wapi, basi wakapiga sarafu kubwa nzito ya fedha, thamani yake sawasawa na sarafu moja ya dhahabu. Zamani sarafu za fedha za kwao zilikuwa ndogo ndogo tu. Zile sarafu kubwa za fedha zilizokuja kuzagaa duniani, hiyo ya bibi yako ikiwemo, ukifuatilia nasaba yake unarudi Hall. Sigmund mwenyewe walimwita mwenye sarafu tele, ila pesa ilikuwa haikai mkononi mwake, madeni yakamwelemea na mwaka 1490 ikabidi amwachie nchi jamaa yake Maximilian. Ndo hivyo, kuwa na mashine ya kupigia pesa hakukuzuii kufilisika.

Jambo la kwanza la kutazama ni hiyo karakana, ilihamia ndani ya ngome ya Hasegg karne ya 16, iko upande wa chini wa mji. Hapo naomba usipite haraka haraka. Zamani sarafu ilipigwa kwa nyundo, mtu ameshika chapa mwenzake anapiga, moja moja. Hall mwaka 1571 wakaanza kutumia mashine inayozungushwa na gurudumu la maji: magogo mawili ya chuma yanazunguka yamebanana kama mashine ya miwa ya Forodhani, sura za sarafu zimechongwa juu ya hayo magogo yenyewe, unaingiza ukanda wa fedha upande huu unatokea upande wa pili umeshachapwa mbele na nyuma, kilichobaki ni kukata miduara. Ukitazama sarafu za namna hiyo kwa makini utaona zimepinda kidogo, hazilali sawasawa mezani, ni kwa sababu ya mviringo wa gogo. Mfalme wa Hispania alisikia akazitaka, miaka ya 1580 mafundi wa Tirol wakaenda kumfungia zake Segovia. Leo Hall wameitengeneza upya hiyo mashine ya mbao na chuma, kubwa nzima, imesimama kwenye makumbusho. Ile rola ya mkono ya dukani kwetu, uliyokuwa unaning'inia mkono wake nakufokea, ni mjukuu wake kabisa. Na wageni wanaruhusiwa kujipigia sarafu yao, ijipigie, nitalipa mie.

Karakana ilifungwa kwa fujo. Mwaka 1809 watu wa Tirol waliasi dhidi ya Wabavaria na Wafaransa, kiongozi wao Andreas Hofer, mwenye nyumba ya wageni huko milimani, na kwa miezi michache ile waliyoshika nchi wakapiga sarafu zao palepale Hall. Uasi ukazimwa, Hofer akapigwa risasi mwaka uliofuata, na Hall ikaacha kupiga pesa.

Ukimaliza hapo panda mnara wa karakana, ngazi ni kama 200 za kuzunguka, magoti yako bado mapya. Kisha panda mjini. Mji wa zamani wenyewe ndiyo kivutio, majumba ya zamani mamia yamebanana kwenye mitaa inayopinda, mie picha zake zinanikumbusha Mji Mkongwe ila wenzetu wameshapaka rangi. Kanisa kuu la Mtakatifu Nikolaus lina upande wa ajabu, Florian Waldauf, mtu wa karibu wa Maximilian, alikusanya masalia ya watakatifu akayaleta pale 1501, mafuvu ya watu kwa kweli, yamevishwa vitambaa vilivyodariziwa yamepangwa kwenye makabati ya vioo. Si mambo yetu, lakini ingia kwa adabu utazame ule udarizi, kazi ya mkono ile si ya mchezo. Jumamosi asubuhi wakulima wanauza kwenye uwanja wa juu, jibini na mikate, kwa hiyo kama unaweza nenda Jumamosi, Jumapili huko kwenu si unajua maduka yanalala. Na angalia kwanza makumbusho yanafungua siku gani.

Haya, reale ya bibi. Mwenzako kakosea lakini hajakosea sana. Hall ilipiga kweli sarafu zenye sura ya Maria Theresa, wakati wa uhai wake. Lakini itazame ya bibi: ana shela ya ujane, chini ya kifua kuna herufi S.F., na nyuma tai wa vichwa viwili na mwaka 1780. Hizo herufi ni za maofisa wawili wa karakana ya Günzburg, na Günzburg iko Bavaria, hapo Ujerumani, yaani kwenye reli ya München kwenda Ulm, unapita hapo kila ukienda kwa rafiki yako! Maria Theresa alifariki mwaka huohuo 1780, ila wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu walikuwa wameshaizoea sura yake, kahawa ya Yemen inanunuliwa kwa hiyo, mtu akiletewa sarafu ya mfalme mpya anaikataa. Basi wakaendelea kuipiga na sura ileile, herufi zilezile na mwaka uleule 1780, mpaka leo. Uhabeshi, Omani, mpaka kwetu Unguja, pembe na karafuu na, tuseme ukweli, watu pia, vilihesabiwa kwa reale. Sayyid Barghash alipiga riale zake mwaka 1882 na bado watu hawakuiacha ile.

Na hapa ndo penyewe. Kila aliyehitaji aliipiga, Vienna, Roma, London, Paris, Brussels, hata Bombay wakati wa vita ya pili. Kwa hiyo reale ya bibi inaweza ikawa imetoka Bombay na jahazi wala haijawahi kuuona mlima wenye theluji. Wajuzi wanatofautisha kwa vitu vidogo, manyoya ya mkia wa tai, lulu za ile pini ya begani. Babu yako alikuwa anapapasa ukingo tu, mna maandishi ya Kilatini yametokeza, yamewekwa ili mtu asikwangue fedha pembeni, yakiwa yamefifia anaitupa kwenye mizani kwanza. Nzima ni gramu 28 na kidogo, na fedha yake si safi, ni 833 kwa 1000, iliyobaki shaba, ndiyo maana bangili zilizofuliwa kwa reale hazipindi ovyo.

Fanya hivi. Usiibebe safarini, iache nyumbani. Ipige picha mbele, nyuma na ukingo mzima, karibu na dirisha, bila flashi, unitumie leo usiku nina lenzi yangu hapa. Na usiisugue! Wala sonara wa huko asikudanganye atakusafishia bure, ule weusi kwenye mikunjo ya shela ndio unaonisaidia kusoma.

Mama yako anauliza kama koti la baridi umenunua au bado unazunguka na lile la mwaka juzi.

Baba yako