Jibu: Beringi ya tairi la mbele imeng'ang'ania, nitaitoaje nyumbani?

Ndugu, umeuliza kama beringi iliyoganda unaweza kuitoa bila presi, mashine ya kukandamizia. Unaweza, ila andaa pula ya boliti ndefu, kifaa cha kuvutia beringi kwa kukaza boliti, na vikombe vyake. Nyundo peke yake itakutesa bure.

Nati kubwa ya eksili ilegeze gari likiwa bado chini, tairi limekanyaga. Kisha jeki, na stendi chini ya gari, usiamini jeki. Kalipa ya breki, ile inayobana diski, ifunge kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Sensa ya ABS, inayosoma mwendo wa tairi kwa ajili ya breki, itoe mapema, huvunjika kirahisi.

Ukivuta habu, kitovu kinachofungiwa tairi, mara nyingi ringi ya ndani ya beringi hubaki imeshika kwenye habu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Ichanje kwa grenda, mshazari, ukiishia kabla ya kugusa habu, halafu piga patasi kwenye mchanjo: itapasuka "ta!" na kuteleza. Mimi mara ya kwanza nilikata hadi habu, nikanunua nyingine.

Kabla ya kusukuma beringi yenyewe, toa pete ya chuma inayoizuia. Watu huisahau, wakavuta hadi boliti ikakatika.

Kuingiza mpya, sukuma ringi ya nje tu. Wakati wa kurudisha habu, ringi ya ndani iegemezwe. Ukikosea hapo, beringi itavuma ndani ya wiki. Upande wa beringi wenye sumaku uelekee sensa. Nati weka mpya, kaza kwa tokirenchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako.