Hiyo ya kusukumana tu hapana
Kaka unasema basketi ya miaka ya 90 ilikuwa kusukumana tu, itakuwa hukuiona Denver na Seattle ya 1994, raundi ya kwanza ya mtoano wa NBA, ligi ya Marekani. Seattle wamemaliza msimu na ushindi 63, hamna timu iliyowafikia ligi nzima, Denver wao namba nane upande wa magharibi, wa mwisho kuingia mtoano, anayeshinda mechi tatu kati ya tano anapita, na Denver wakapigwa mbili za mwanzo kila mtu akajua kwisha habari. Weee! Mutombo yule mrefu wa Denver, mtu wa Kinshasa, akaanza kufuta mipira ya watu kama anafukuza nzi, bloku 31, yaani mitupo aliyoizuia, kwa mechi tano. Ya tano ikaenda muda wa nyongeza kwao Seattle hukohuko, Denver wakashinda 98-94, Mutombo kalala chali sakafuni kashika mpira kwa mikono miwili anacheka meno yote nje. Kwenye NBA namba nane kumtoa namba moja haikuwahi kutokea kabla ya hapo. Ile kanda tuliazimana mtaa mzima mpaka picha ikawa inakwaruza. Hawa wa leo kwa mitupo ya mbali ya pointi tatu sawa wanajua, ila ukimtoa Wembanyama, yule Mfaransa mrefu wa San Antonio, niambie mrefu gani watu wanaogopa kumsogelea golini vile?