Jibu: Kuwaeleza wanafunzi Diploma ya IB bila kuwatisha

Habari mwalimu. Umesema kidato cha nne wako wanaogopa kila ukiitaja Diploma ya IB (International Baccalaureate, masomo ya kimataifa ya miaka miwili kabla ya chuo), na alama zake ambazo za juu kabisa ni 45.

Kwanza ulizia kila mmoja anataka kusomea nini chuoni. Anayetaka udaktari, kwa mfano, vyuo vingi vitamdai kemia ya ngazi ya juu, na hilo halirekebishiki kirahisi katikati ya safari.

Alama mimi huziacha siku ya kwanza. Nawagawia karatasi wajaze masomo sita ya miaka miwili: matatu ngazi ya juu, matatu ya kawaida. Aliyezoea kuwaza PCB (fizikia, kemia na biolojia) anagundua lazima abaki na hisabati, lugha mbili na somo la jamii kama historia au uchumi. Maswali yanamiminika hapo, waachie muda.

Insha ya utafiti ya maneno hadi 4,000, ambayo kila mwanafunzi wa Diploma huandika, isiwe tishio. Waambie watunge swali la kwao: kwa nini kisima cha shule kina chumvi? Macho yanafunguka kabisa. Na Kiswahili kinasomwa katika IB kama fasihi, wengi hawajui hilo.

Ada waulize shuleni moja kwa moja, pamoja na ufadhili, kabla mzazi hajakata tamaa.