Ukimkuta anayempiga punda, ingia kati hivi

Msomaji mmoja ameniandikia kwa hasira: kamkuta mwendesha mkokoteni akimcharaza punda, akatamani kumzaba makofi. Anauliza, angefanya hivyo angekuwa na kosa?

Mwezi uliopita hapa Dodoma nimemnusuru punda bila kumpiga mtu, na najivunia. Mkokoteni ulijaa magunia ya mahindi, gurudumu moja limezama mchangani. Kijana anachapa palepale shingoni ambapo kamba ilishachuna ngozi, nyama imebaki wazi, nzi wamejaa. Nikasimama kati ya fimbo na punda. Akaniinulia fimbo mimi, nikaidaka.

"Mama, punda ni wangu!"

"Ni wako, mwanangu. Lakini mzigo huu hauwezi. Njoo tushushe."

Tukashusha magunia, tukasukuma gurudumu, punda akatoka mwenyewe. Kamba tukaiviringishia gunia tupu isiendelee kumchuna.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kuanzia kifungu cha 18, inakupa haki ya kujikinga na kumkinga mtu mwingine, kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu. Hapo inatajwa pia mali, lakini punda anayechapwa na mwenyewe hatajwi. Kuidaka fimbo iliyonijia ilikuwa haki yangu. Kofi lako kwa ajili ya punda lingekufikisha kituoni wewe, na mwenye kosa akageuka mlalamikaji. Punda ana Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa ni kosa. Kwa hiyo simama kati, shika mzigo, mwite afisa mifugo wa kata. Usipige. Narudia, usipige.

Ila msijifiche nyuma ya sheria mkapita njia. Tunasema shukrani ya punda ni mateke, ilhali teke ndiyo silaha yake, na akishafungwa mkokotenini hata hilo halimfai kitu. Asiyeweza kujitetea atatetewa na nani? Mtume (s.a.w.) ametueleza habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula hadi akafa. Paka tu!

Siku ile watu walisimama wakacheka, na mtaani sasa naitwa Mama Punda. Imeniuma, na bado inaniuma, kwa kuwa waliocheka zaidi ni akina mama wenzangu wanaoletewa madumu ya maji na punda huyohuyo. Dada zangu, ninyi ndio wateja. Akija na punda mwenye kidonda, mwambieni hamnunui maji yake mpaka amtibu.