Simu wakati wa kula kwa mtoto wa miezi 18

Mama mwenzangu, umeuliza kama katuni za simu, ambazo bila hizo mwanao wa miezi 18 hafungui kinywa kula, ndizo zinazomchelewesha kusema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi skrini kwa mtoto wa umri wa mwaka mmoja, na kuanzia miaka 2 hadi 4 unataka isizidi saa 1 kwa siku. Mtoto huokota maneno anapojibiwa: akinyooshea kidole bakuli la uji nawe ukamwambia "uji huo, wa moto, tupulize", amepata maneno kadhaa pamoja na uso wako, jambo ambalo katuni haimpi kwa sababu haimsubiri ajibu.

Hata hivyo, usiilaumu simu peke yake. Ikiwa bado hasemi neno lolote lenye maana, mpeleke kliniki apimwe usikivu mapema.

Kuhusu kula, mketishe pamoja nanyi, mwachie vipande laini vya ndizi avishike mwenyewe, na akikataa, ondoa chakula bila ugomvi. Siku za mwanzo atalia, na hapo ndipo wengi wetu hurudisha simu. Kubaliana pia na dada wa kazi, maana katazo lisilomhusu yeye halitadumu, na televisheni izimwe ikiwa hakuna anayeitazama. Kuzungumza na bibi kwa video, ukiwa naye, hakuna ubaya.