Anakumbuka ya zamani yote, anasahau ulichomtuma sasa hivi

Dada, pole sana kwa ajali ya mdogo wako. Umesema aliumia paji la uso alipoanguka na pikipiki, na sasa anataja majina ya wote aliosoma nao, ila ukimtuma chumvi, sabuni na kiberiti anarudi na chumvi tu. Mama anasema ni makusudi. Tafadhali mwambie siyo. Kaka yangu yalimkuta hayohayo.

Kaka ni fundi cherehani. Zamani alikuwa anampima mteja kifua, kiuno, mikono na urefu, ndipo anaandika vyote kwa mkupuo. Baada ya kuumia, anapima kiuno, anageukia daftari, anabaki na kalamu mkononi. Namba imeshapotea. Siku moja nilimwona akimpima mtu yuleyule mara tatu. Lakini muulize shati alilomshonea baba mdogo miaka kumi iliyopita, atakutajia mpaka rangi ya vifungo.

Hospitali daktari alimsomea namba ili azirudie. Kwa mpangilio uleule alifikisha tano. Alipoambiwa aanzie ya mwisho kwenda ya kwanza, hata tatu zilimshinda. Hapo ndipo tulipoelezwa kwamba ya zamani yana mahali pake pengine. Hii iliyomyumbia kaka inaitwa kumbukumbu ya kazi: kile unachokishika kichwani kwa sekunde chache huku unakitumia, na hata mtu mzima asiye na tatizo hushika vitu vitatu hadi vitano hivi tu. Inategemea sana ubongo wa mbele, nyuma ya paji. Eneo la pembeni upande wa chini husaidia zaidi kushikilia vitu kama vilivyo. Lile la juu yake huhusika zaidi pale unapovipanga upya na kuvikagua. Kugeuza namba kunadai yote mawili. Mpaka wenyewe si ukuta, maana maeneo hayo hushirikiana, tena na sehemu za nyuma zinazotunza sura na sauti ya kitu chenyewe.

Nilipoanza kusoma mwenyewe, kilichonigusa ni kazi ya watafiti wa ubongo, Fuster na Alexander, ya mwaka 1971. Tumbili alionyeshwa chakula kinapofichwa, kisha akazibiwa asione, akasubiri. Kuna seli za ubongo wa mbele zilizoendelea kutuma ishara kipindi chote cha kusubiri. Kaka anaishiwa pale pale, kwenye kusubiri, hasa redio ikiwa inapiga.

Siku hizi shemeji anakaa na daftari, redio inazimwa, na kaka anataja namba futi ikiwa bado kiunoni kwa mteja. Mdogo wako mtume kitu kimoja kimoja, au mwandikie karatasi. Usimfokee akisahau, kwa sababu hata hicho kimoja kitapotea. Na akizidi kuumwa kichwa, kutapika au kusinzia ovyo, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo.