Mjomba, wanafunzi wako wanaishia wapi?

Mpwa wangu, swali lako nimelisoma mara mbili: "Mjomba, nikija huko nikasoma nyota mpaka shahada ya uzamivu (PhD), halafu nitakuwa nani?" Rafikizo wawili nao wakadakia, mmoja anataka kujua mshahara, mwingine ananiomba nimtazamie nyota yake kabla hajaoa. Huyo wa kuoa nimmalize kwanza: sina kitabu wala ramli. Nimesimamia wanafunzi saba wa astrofizikia, yaani fizikia ya nyota na anga, hapa Uholanzi, na sikuweza kumbashiria hata mmoja wao atakapoangukia.

Mshahara, haya. Hapa mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa. Anatia saini mkataba wa miaka minne, analipwa kama euro 3,000 kwa mwezi kabla ya makato, na likizo anapata. Msizizidishe kwa shilingi mkaanza kuchora ramani ya nyumba Malindi. Kodi ya serikali ikishapita, kodi ya chumba inafuata nyuma, na chumba chenyewe kukipata ni kazi ya miezi. Tena mwaka wa kwanza ukielekea kwisha kuna kikao: unaendelea, au unaishia hapo. Nimewahi kukaa upande wa pili wa meza ile nikamwambia kijana aishie hapo. Siku hiyo chakula hakikunipita kooni.

Sasa hao saba. Wawili tu ndio bado wanalipwa kutazama anga. Mmoja yuko kampuni ya bima. Mmoja yuko hospitali, anaandika programu za kusafisha picha za MRI, ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili. Wawili wako benki, wana vyeo nisivyovielewa na mishahara inayoupita wangu. Wa saba anafundisha fizikia sekondari, na mpaka leo hunitumia makosa ya hesabu anayoyakuta kwenye makala zangu.

Nyumbani nikisema hivi watu husikitika, kana kwamba watano wamefeli. Hawakufeli. Kazi tunayowafundisha miaka minne ni kuchomoa ishara dhaifu kutoka kwenye kelele nyingi, na kutojidanganya wakidhani wameipata. Kule Parkes, Australia, darubini ya redio ilikuwa ikinasa ishara za ajabu kwa miaka, nyingi zikija mchana. Mwaka 2015 kundi lililoongozwa na mwanafunzi wa uzamivu, Emily Petroff, likaonyesha chanzo: tanuri la maikrowevu pale pale kituoni, mtu akifungua mlango kabla halijamaliza kupasha chakula. Ndiyo maana mwanafunzi akiniletea grafu yenye mruko mzuri, swali langu la kwanza huwa: ilikuwa saa ngapi, na nani alikuwa jikoni? Benki nazo zinamtaka mtu wa kuuliza hivyo.

Msimamizi naye mchunguze kabla hujatia saini. Mwaka 1967, Cambridge, Jocelyn Bell alikuwa mwanafunzi tu, anakagua kwa macho mita kwa mita za karatasi zilizochorwa na mashine ya darubini ya redio, akaona mchoro mdogo usiofanana na kitu. Ilikuwa pulsa ya kwanza, yaani nyota inayozunguka kwa kasi ikituma mapigo ya redio. Nobeli ya 1974 wakapewa msimamizi wake Antony Hewish na Martin Ryle. Jocelyn mwenyewe hakulalamika, na mwaka 2018 alipopewa tuzo ya dola milioni 3 akazitoa zote zisomeshe wanafunzi wa uzamivu wa fizikia kutoka makundi yanayoachwa nyuma. Mimi ningelalamika. Waulize wanafunzi wa zamani wa huyo msimamizi, faraghani, jina la nani hutangulia kwenye makala.

Linaloniuma ni hili. Baada ya uzamivu, anayetaka kubaki kwenye anga hupita mikataba ya utafiti ya miaka miwili au mitatu, mara nyingi kila mmoja nchi yake. Maombi yanatumwa Oktoba mpaka Desemba, kisha mtu anasubiri simu mpaka Februari. Mwanafunzi wangu mmoja alimaliza mkataba wa pili akiwa Chile, mumewe Ujerumani, mtoto kwa bibi yake. Akaniuliza aache? Nikamwambia vumilia mmoja tu. Nilimshauri nilivyoshauriwa mimi, nikasahau kwamba kiti nilichokalia nilikipata kwa sababu mzee mmoja alistaafu mwaka ule ule niliokuwa natafuta. Akavumilia, na kiti hakikupatikana. Ndiye aliyeko bima sasa. Hajawahi kunilaumu, na ningependa anilaumu.

Kwa mwenye pasipoti kama yako kuna la ziada: mkataba ukiisha, kibali cha kuishi nacho kinaanza kuhesabu siku. Aliyehitimu hapa anaweza kuomba mwaka mmoja wa kutafuta kazi. Mwaka huo huenda mbio kuliko unavyodhani.

Wala usidhani mlango ni huku peke yake. Afrika Kusini kuna MeerKAT, darubini ya redio ya sahani 64 kule Karoo, na Kenya ni mojawapo ya nchi nane za Afrika zilizoshirikishwa na Afrika Kusini katika SKA, mradi mkubwa wa kimataifa wa darubini za redio. Na yale majukwaa ya chuma unayoyaona baharini ukiwa Ngomeni, karibu na Malindi, ndiko iliporushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, tarehe 12 Desemba 1970. Wanafunzi wangu wa Kizungu wanalijua jina hilo, ila hawajui maana yake mpaka niwaambie.

Basi nitumie matokeo yako ya chuo na programu yoyote uliyoiandika kwa mkono wako, hata kama ni mbovu, hasa kama ni mbovu. Iwe kabla ya Septemba. Na mama yako usimwambie bado, maana ataanza kuniuliza mimi kila Ijumaa.